Antena Ikiwa Mlangoni, Samaki Aliyepita Dirishani Hahesabiwi

Ndege wanapomaliza kulea makinda yao na kuondoka, watafiti huingia katika kisiwa cha East Sand, kilichopo kwenye mlango wa Mto Columbia, mpakani mwa majimbo ya Oregon na Washington nchini Marekani. Hupita polepole juu ya mchanga uliochanganyika na mavi ya ndege, miba ya samaki na mabaki ya viota, wakiburuta kifaa cha kusomea mawimbi, na kila kifaa kinapopokea ishara hurekodi namba. Kinachojibu kutoka chini ya mchanga ni kidonge cha kioo chenye urefu wa milimita 12, kiasi cha punje ya mchele, ambacho miezi michache nyuma kilikuwa ndani ya tumbo la samoni mchanga aliyekuwa akiteremka kutoka milima ya Idaho kwenda Bahari ya Pasifiki. Samaki aliliwa, akasagwa na kutoka kwa ndege kama uchafu, lakini kioo hakikusagika. Namba iliyomo bado inaeleza samaki huyo aliwekewa kidonge wapi na tarehe gani, alikuwa na urefu gani siku hiyo, na kama alizaliwa mtoni au katika kituo cha kuzalishia vifaranga.

Ushahidi wa namna hii una nguvu kubwa, na nguvu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Samaki wa Columbia na wa tawimto lake kubwa, Mto Snake, wamefuatiliwa kwa vifaa vya kielektroniki tangu miaka ya 1980, kwa wingi ambao si rahisi kuukuta kwingine, na bado samoni wa Mto Snake hawajatoka katika orodha ya viumbe wanaohitaji ulinzi wa sheria ili wasitoweke. Wapo wanaohitimisha kwamba teknolojia imeshindwa. Mimi sioni hivyo. Kifaa kimejibu kwa uaminifu kila kilipoulizwa, ila kimeulizwa mahali fulani na si kwingine, na anayechagua mahali pa kuweka antena huchagua pia, awe anajua au hajui, ni kifo gani kitaonekana na ni kifo gani kitapita kimya.

Wafugaji wengi wa Tanzania wanazifahamu hereni za kielektroniki zinazovishwa ng'ombe. Kidonge cha samaki ni cha ukoo huohuo. Hakina betri, kwa hiyo hakiishiwi nguvu, na hulala kimya mwilini kwa maisha yote ya samaki hadi apite karibu na antena, ambayo mawimbi yake hukipa nguvu ya kutamka namba yake. Kukiweka ni kazi ya sekunde chache. Samaki huzamishwa katika maji yenye dawa ya usingizi mpaka alegee, hupimwa urefu na uzito, kisha mtaalamu humlaza kiganjani tumbo likiwa juu, huingiza ncha ya sindano nene kidogo kando ya mstari wa katikati, na kusukuma. Baadaye samaki huwekwa katika maji safi hadi apate tena nguvu za kuogelea, ndipo aachiwe. Makumi ya mamilioni ya samaki wamepitia mikono ya namna hiyo katika bonde la Columbia, na kumbukumbu zao zimo katika hifadhidata iitwayo PTAGIS, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Udhaifu wa kidonge ni mmoja: husomeka kwa karibu sana, kwa kawaida ndani ya umbali usiozidi mita moja au pungufu. Lazima samaki apite penye antena. Akipita pengine, kwa mujibu wa hifadhidata hajapita.

Samoni huzaliwa katika vijito vya milimani, huteremka baharini akiwa mdogo, hukulia huko mwaka mmoja hadi mitatu au zaidi, kisha hurudi katika kijito alichozaliwa, akataga na kufa. Wale wa Ziwa Redfish, Idaho, hupanda takriban kilomita 1,450 kutoka baharini hadi mwinuko wa karibu mita 2,000. Kati ya ziwa hilo na bahari yapo mabwawa manane makubwa. Manne yapo kwenye Mto Columbia wenyewe, la kwanza kutoka baharini likiwa Bonneville, lililoanza kazi mwaka 1938. Manne mengine yapo sehemu ya chini ya Mto Snake: Ice Harbor, Lower Monumental, Little Goose na Lower Granite, na hili la mwisho lilikamilika mwaka 1975. Samoni aina ya sockeye wa Mto Snake waliorodheshwa kisheria kuwa hatarini kutoweka mwaka 1991, na samoni wa aina nyingine, Chinook wa majira ya kuchipua na ya kiangazi, wakafuata mwaka 1992 katika daraja la viumbe wanaotishiwa. Mwaka huohuo wa 1992 ni sockeye mmoja tu aliyefika Redfish, naye alikuwa dume. Watu walimpa jina la Larry Mpweke, na mbegu zake zikahifadhiwa ili kuzalisha kizazi kingine, kwa kuwa hapakuwa na jike wa kutagia naye.

Swali lililozaliwa hapo ni rahisi kutamkwa: samaki hawa hufia wapi? Kidonge cha kioo kilitengenezewa swali la aina hiyo, na majibu yake ya mwanzo yalielekea kwa ndege. Buabua na minandi waliokuwa wakizaliana kwa maelfu katika visiwa vya mlango wa mto waliacha viotani mwao vidonge vingi mno, na watafiti walifanya kazi yao kwa uangalifu wa kupigiwa mfano. Walitawanya mchangani vidonge vyao wenyewe vyenye namba zinazojulikana, ili wajue ni sehemu gani ya vidonge hupatikana na ipi hupotea, kisha wakasahihisha hesabu. Hapakuwa na shaka kwamba ndege wanakula samoni wengi. Buabua walihamishwa kutoka kisiwa cha Rice hadi East Sand, karibu zaidi na bahari, ambako wangepata samaki wa aina nyingine, na hatua hiyo ilipunguza kweli idadi ya samoni walioliwa. Kwa minandi njia iliyochaguliwa ilikuwa ngumu zaidi. Kuanzia mwaka 2015 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kiliendesha mpango wa kuwaua kwa risasi na kuyapaka mayai yao mafuta yasianguliwe. Minandi zaidi ya 5,000 waliuawa. Mwaka 2016 maelfu ya waliobaki wakakihama kisiwa wakati wa kuatamia, na miaka iliyofuata wengi wao wakajenga viota kwenye daraja la Astoria-Megler, juu zaidi ya mto. Huko maji ya chumvi ni machache, samaki wa baharini kama dagaa hawapatikani kwa wingi, na kwa sababu hiyo kila mnandi hula samoni wengi kuliko alivyokula kisiwani.

Nimekitaja kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndicho kinachoonyesha vizuri kuliko vingine jinsi ushahidi wa kweli unavyoweza kupotosha uamuzi. Mnandi huacha risiti. Samaki aliyefia katika maji yaliyosimama nyuma ya ukuta wa bwawa, aliyemezwa na samaki mwingine, au aliyefika baharini akiwa amechoka na kuumia kisha akafa wiki ya tatu, haachi chochote mahali ambapo mtu anaweza kupita na kifaa. Kwa hiyo vifo vya ndege vilihesabika kimoja kimoja, vile vingine vikakadiriwa, na kilichohesabika kikapata uzito mezani kuliko kilichokadiriwa. Wachambuzi wa ndani ya idara ya shirikisho inayosimamia samaki na wanyamapori walikuwa wamekwisha kuonya, katika waraka uliofichuka wakati wa kesi mahakamani, kwamba kuwaua minandi kusingeongeza samoni wanaorudi, kwa kuwa wengi wa wanaoliwa ni samaki ambao wangekufa hata hivyo kabla ya kukomaa. Onyo hilo halikuzuia bunduki.

Mabwawani kwenyewe mambo yamepinda zaidi. Samoni mchanga anayefika kwenye ukuta wa bwawa ana njia tatu. Anaweza kuvutwa ndani ya mitambo ya kufua umeme. Anaweza kupita kwenye utoro wa maji, yaani pale ambapo maji humwagika chini bila kupita mitamboni. Au anaweza kukingwa na wavu kabla ya mitambo na kuelekezwa kwenye mfereji wa kando unaomtoa upande wa chini. Mfereji ni mwembamba, na kwa hiyo ndipo antena zilipowekwa, kwa sababu za kiufundi zisizo na lawama, maana huwezi kuweka antena ya mita moja katika mwagiko wa maji wenye upana wa uwanja. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi samaki waliosomwa walikuwa karibu wote ni waliopita mferejini, na waliopita kwenye utoro, njia ambayo kwa kawaida haiwaumizi sana kama nyingine, hawakuonekana. Watafiti wa mradi wa kulinganisha uhai wa samoni, ulioanza mwaka 1996, waliligeuza pengo hilo kuwa kipimo: waliwatenga samaki ambao hawakusomwa katika bwawa lolote lenye mfereji wa kuwakusanya wakati wa kuteremka, kisha wakangoja kuona wangapi wangesomwa wakati wa kurudi, kwenye ngazi za maji ambazo samaki hupandia kuvuka bwawa. Waliopita bila kuonekana walirudi kwa kiwango kikubwa kuliko waliosomwa mferejini. Samaki waliofahamika zaidi, ambao takwimu zao zilikuwa nyingi, ndio waliokuwa na safari mbaya.

Kutokana na hilo mahakama iliamuru, na baadaye pande husika zikakubaliana, kwamba maji mengi zaidi yamwagwe kupitia utoro wakati samoni wanapoteremka. Naona ulikuwa uamuzi sahihi. Lakini kila lita iliyoelekezwa kwenye utoro iliwapeleka samaki mbali na antena, na wataalamu waliokuwa wakitegemea kusoma namba mferejini wakajikuta na namba pungufu katika miaka ileile ambayo samaki walikuwa wakipata njia bora. Ilichukua hadi mwaka 2020 kwa antena kufungwa ndani ya zege la utoro wa Lower Granite, na kazi hiyo, ambayo haikutangazwa sana nje ya duru za wataalamu, nadhani ina thamani kuliko ripoti nyingi zilizoandikwa kabla yake.

Sasa tufike kwenye tarakimu mbili ambazo zimekuwa zikipigana kwa muda mrefu. Ya kwanza ni asilimia 96. Hicho ndicho kiwango ambacho mpango wa serikali ya shirikisho wa mwaka 2008 uliwataka waendeshaji wa mabwawa wakifikie kwa samoni wanaoteremka majira ya kuchipua: katika kila samaki 100 wanaofika kwenye ukuta mmoja, 96 wavuke wakiwa hai. Ili kuipima waliwapandikiza samaki vitoa sauti vidogo vyenye betri, ambavyo kimojawapo kilichobuniwa mahsusi kwa samoni wachanga kina uzito wa takriban gramu 0.2, na haidrofoni zilizotundikwa majini zikawa zinamsikia kila samaki akikaribia ukuta na akitoka upande wa pili. Upimaji ulifanyika kwa ustadi, na mabwawa kadhaa yalikifikia kiwango. Msomaji achukue kalamu, hata hivyo, achukue asilimia 96 ya wanaobaki, mara nane mfululizo, kwa ajili ya kuta nane: katika samaki 100 watabaki 72, na hapo hatujahesabu kitu chochote kinachotokea katika maji yaliyotuama kati ya ukuta na ukuta. Ukiyahesabu na hayo, samoni wa mwaka mmoja wanaotoka Lower Granite na kufika chini ya Bonneville wakiwa hai ni karibu nusu.

Tarakimu ya pili ni asilimia 2. Baraza linalosimamia mipango ya umeme na samaki katika eneo hilo liliweka lengo kwamba, kwa kila samoni 100 wachanga wanaopita bwawa la juu kuelekea baharini, warudi kati ya 2 na 6 wakiwa wakubwa, wastani ukiwa 4. Chini ya 2, kizazi hakiwezi kujiziba pengo lake chenyewe. Kwa miongo mitatu Chinook wa porini wa Mto Snake wameishi zaidi chini ya mstari huo, mara nyingi wakikaribia asilimia 1 au kupungua zaidi. Tarakimu zote mbili ni za kweli na zote zinawahusu samaki walewale. Tofauti ni mahali pa kuanzia na kuishia: ya kwanza humpima samaki kwa mita mia kadhaa za ukuta mmoja, na ya pili humngoja arudi nyumbani. Anayetaka kuthibitisha kwamba bwawa lake halina kosa ataichukua ya kwanza, naye hatakuwa amesema uongo.

Matishari ndiyo mfano mkavu kuliko yote. Kwa miongo kadhaa samoni wachanga wamekuwa wakikusanywa kwenye mifereji ya mabwawa ya juu, wakapakiwa katika matishari yenye matangi ya maji na kuteremshwa hadi chini ya Bonneville. Ukipima uhai wa samaki ndani ya tishari utapata kwamba karibu wote hufika. Ukiwangoja kutoka baharini, faida hiyo hupungua sana, na katika makundi mengine hutoweka kabisa. Mwaka 2015 ulionyesha upande mwingine wa gharama. Maji ya Columbia na Snake yalipata joto mapema, yakapita nyuzijoto 20, na sockeye wa Snake waliokuwa wakipanda walikufa karibu wote kabla ya kufika Idaho, hadi wasimamizi wakalazimika kuwakamata wachache waliofika Lower Granite na kuwasafirisha kwa malori. Antena za ngazi za samaki zilieleza walikopotelea, sehemu kati ya bwawa na bwawa. Zilieleza pia kwamba waliowahi kuteremshwa kwa tishari utotoni walishindwa kupanda kuliko walioteremka wenyewe. Samaki hujifunza njia ya kurudi kwa kuonja maji anayopita akiwa mdogo, na aliyebebwa hakupata nafasi hiyo. Kosa lililofanyika mtoni mwezi wa tano lilidhihirika mwaka mmoja hadi mitatu baadaye, na lilidhihirika kwa sababu tu kidonge kilikuwa bado tumboni na antena za kupandia zilikuwepo.

Sitakuwa nimemtendea haki msomaji nikiuacha upande wa pili wa hoja. Mwaka 2008 jarida la PLoS Biology lilichapisha utafiti uliotumia vitoa sauti kulinganisha Columbia na Mto Fraser wa Kanada, ambao mkondo wake mkuu hauna bwawa, na ukakuta kwamba samoni wachanga wa Columbia hawakufa zaidi ya wale wa Fraser hadi kufika kwenye mlango wa mto. Waliosoma matokeo hayo kama ushindi wa mabwawa walikuwa na kipande cha ukweli, maana bahari nayo imekuwa mbaya kwa samoni katika pwani yote hiyo, kwenye mito yenye mabwawa na isiyo nayo, na hakuna antena itakayobadilisha joto la Pasifiki. Lakini angalia tena kipimo kiliishia wapi. Kiliishia kwenye mlango wa mto, wakati swali lililobaki ni kama samaki aliyevuka kuta nane huingia baharini akiwa na nguvu sawa na ambaye hakuzivuka.

Ulinganisho unaonishawishi zaidi uko ndani ya bonde hilohilo. Chinook wa Mto John Day huingia Columbia chini zaidi, kwa hiyo huvuka mabwawa matatu tu, kisha huingia baharini kwa mlango uleule na katika majira yaleyale kama wale wa Snake. Wao hurudi kwa kiwango kilicho mara kadhaa ya wenzao waliovuka manane. Ni kweli makundi haya mawili hayafanani kwa kila kitu, na safari ya Snake ni ndefu hata kama mabwawa yasingekuwepo. Hata hivyo bahari haiwezi kulaumiwa kwa tofauti ambayo haikuitengeneza.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa teknolojia hulitaja kwa haraka. Kidonge chenyewe kina gharama kwa samaki. Utafiti uliofanywa kwa Chinook wa kituo cha kuzalishia vifaranga kwenye Mto Yakima, ambapo samaki waliwekewa kidonge pamoja na alama nyingine ya kudumu ili walinganishwe, ulikuta kwamba kufikia wakati wa kurudi wastani wa asilimia 18 walikuwa wamekipoteza kidonge, wengine walikuwa wamekufa kwa sababu yake, na kwa jumla kiwango cha kurudi kilichosomwa kielektroniki kilikuwa pungufu ya kiwango halisi kwa takriban asilimia 25. Hilo halifuti ulinganisho wa Snake na John Day, kwa kuwa pande zote mbili zilibeba kidonge kilekile. Linamaanisha tu kwamba tarakimu moja iliyosimama peke yake isichukuliwe kama hesabu ya benki, na kwamba kila samaki wa aina iliyo karibu kutoweka anapolazwa kiganjani, awepo mtu wa kuuliza kama jibu linalotafutwa linalingana na kinachochukuliwa kwake.

Maarifa haya yote hayakukosa kufika kwa wenye mamlaka. Mwaka 2021 kabila la Nez Perce, ambalo mkataba wake na serikali ya Marekani wa mwaka 1855 ulilihakikishia haki ya kuvua katika maeneo yake ya jadi, lilitoa uchambuzi uliokuta kwamba asilimia 42 ya makundi ya Chinook wa Snake yalikuwa yamefikia hatua ambapo wanaotaga mtoni hawazidi 50 kwa miaka minne mfululizo. Septemba 2022 idara ya shirikisho inayosimamia uvuvi wa baharini ilitoa ripoti iliyoiweka hatua ya kuvunja mabwawa manne ya chini ya Snake mstari wa mbele wa kuwarejesha samoni hao. Desemba 2023 serikali ya Biden ilitia saini makubaliano na makabila manne pamoja na majimbo ya Oregon na Washington, na kesi zikasimamishwa. Juni 12, 2025 Rais Trump aliiondoa serikali ya shirikisho katika makubaliano hayo, na pande zikarudi mahakamani.

Wanaoyatetea mabwawa si watu wa kubezwa. Mabwawa hayo manne hufua umeme usiotoa moshi, hurahisisha usafirishaji wa ngano kwa tishari kutoka bandari ya Lewiston, takriban kilomita 750 kutoka baharini, na mashamba yaliyo jirani na Ice Harbor humwagiliwa kwa maji yaliyoinuliwa na ukuta wake. Hasara hizo zinaweza kulipiwa fedha, reli na vyanzo vingine vya umeme, na ndiyo sababu naona sehemu za udongo za kuta hizo zinapaswa kuondolewa ili mto upite. Mtu anaweza kukataa hitimisho hilo kwa sababu za uchumi, na tukajadiliana. Asichoweza kufanya tena, baada ya makumi ya mamilioni ya vidonge, ni kuomba utafiti mwingine wa miaka kumi ili ajue samaki hufia wapi.

Kwingineko hali ni tofauti, kwa kuwa yupo mwenye majibu ambaye haulizwi. Katika Mekong, nchini Kambodia, kambare mkubwa wa mto huo, ambaye anaweza kupita uzito wa kilo 100 na yuko karibu kabisa kutoweka, amekuwa akifuatiliwa kwa msaada wa wavuvi. Samaki akinaswa, mvuvi hulipwa fidia, mtafiti huweka alama yenye namba na samaki huachiwa. Desemba 2024 sita walipatikana kwa njia hiyo katika siku chache. Mwezi Juni 2022 mvuvi wa jimbo la Stung Treng alinasa samaki aina ya taa wa maji baridi mwenye uzito wa kilo 300, aliyewekewa kitoa sauti kabla ya kurudishwa mtoni. Hakuna antena iliyowahi kumtafuta taa huyo kabla ya siku hiyo. Alipatikana kwa sababu mvuvi alijua nani wa kumpigia simu na aliamini kwamba hatapoteza riziki yake kwa kupiga.

Nawaza haya ninapomfikiria ningu wa Ziwa Victoria. Samaki huyu, ambaye Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira limemweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, hupanda mito kama Nzoia, Yala, Sondu na Kagera mvua zinapojaza mito, akataga katika maeneo yaliyofurika na kurudi ziwani. Aliporomoka kabla ya mabwawa, katikati ya karne iliyopita, kwa nyavu za makila zilizotegwa midomoni mwa mito wakati hasa wa kupanda. Katika Mto Sondu, nchini Kenya, sasa kipo pia kituo cha umeme cha Sondu Miriu, chenye uwezo wa megawati 60, ambacho huchepusha maji kwa handaki na kuacha kipande cha mto na maji pungufu. Siku mradi wa vidonge vya kielektroniki utakapomfikia ningu, kishawishi kitakuwa kufunga antena kwenye kingo za banio la kituo hicho, kwa kuwa hapo pana zege la kuzishikilia, umeme wa kuziendesha na barabara ya kufikia. Wakifanya hivyo watajua vizuri sana ni ningu wangapi wanafika banioni, na hawatajua lolote kuhusu ambao hawakufika.

Antena ya kwanza iwekwe mdomoni mwa mto, pale nyavu zinapotegwa, hata kama mafuriko yataing'oa kila msimu na kulazimu kufungwa upya. Ya pili iwe juu ya banio na si chini yake tu. Bei ya kununua ningu hai kutoka kwa wavuvi wa mdomoni, pamoja na zawadi kwa kila namba itakayorudishwa ufukweni, iandikwe katika bajeti kabla ya bei ya vidonge, na wavuvi hao wawepo siku ramani ya antena inapochorwa, kwa sababu wao wanajua ni usiku upi, baada ya mvua ipi, ningu huanza kupanda.